Siku Niliyomwacha Melini

Mama mdogo wangu alifundisha historia na jiografia kwa miaka kumi na sita katika shule moja ya sekondari kule Taita. Kisha akaja Amerika, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake mjini Buffalo ikawa kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu wengine. Sababu mojawapo ya kuja kwake ilikuwa sisi, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyetuchukua, na alipopata makaratasi ya kuja huku hakutulia mpaka na sisi tukafika. Alitupokea uwanja wa ndege mwezi wa Februari akiwa na makoti mawili mkononi, la kijani na la kahawia. Akasema, "Vaeni kwanza. Tutasalimiana ndani ya gari."

Naanza na hilo ili ieleweke ni mtu wa namna gani ninayemzungumzia, maana haya yanayofuata sikumtendea mtu baki.

Nilisoma chuo kikuu kule Amherst, kando ya Buffalo, nikiishi kwake. Alikuwa akinishusha chuoni alfajiri kabla ya kwenda kazini, akiwa amevaa sare yake ya samawati, chai yetu ikiwa kwenye chupa moja tuliyopokezana njiani. Nilihitimu tiba ya viungo. Ni kazi ya kuwafundisha watu kutembea upya baada ya kuvunjika, kupasuliwa au kupatwa na kiharusi. Nikapata ajira Columbus, nikahamia Westerville, mji mdogo ulio kando yake. Mdogo wangu yeye alikwenda Louisville, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, akaoa na kujenga maisha yake huko. Mama mdogo alibaki Buffalo, na baadaye akanunua kijumba pembeni mwa mji, Cheektowaga, chenye jiko lililopakwa rangi ya manjano.

Ukutani mwa jiko hilo alibandika ramani ya bahari ya Mediterania. Zamani, akiwa mwalimu, alikuwa anaichora ubaoni kwa chaki za rangi bila kutazama kitabu: pwani ya Afrika chini, Italia ikining'inia kama mguu, visiwa vya Ugiriki vikiwa nukta nukta. Wanafunzi walimpa jina la utani, Mwalimu wa Bandari. Alikuwa amewafundisha mamia ya watoto habari za Athene, Kartago na Efeso, na wakati huo yeye mwenyewe hajawahi kufika mbali kuliko Nairobi.

Alipostaafu, wazo la safari lilikuwa la mdogo wangu. Alinipigia simu akasema, "Dada, tumpeleke akaione hiyo bahari yake."

Tukachagua meli ya kitalii ya kifahari, siku kumi, kutoka bandari ya Roma hadi Istanbul, ikipitia Malta, Athene na mji wa Kituruki ulio karibu na magofu ya Efeso. Mdogo wangu alitaka kumsindikiza mwenyewe. Alikuwa amekwisha omba likizo. Mimi nikakataa.

"Mama ana goti bovu," nikamwambia. "Nitakwenda naye mimi. Wewe huelewi magoti."

"Goti halihitaji kueleweka, dada. Linahitaji kusubiriwa tu."

Nilicheka, nikaona ni maneno ya mtu asiyesoma somo hilo. Likizo yake aliitumia kupaka nyumba rangi.

Kabla ya safari nilikwenda Cheektowaga kumpima. Nilimketisha kwenye kiti cha jikoni, nikamwambia ainuke bila kujishika, atembee mpaka mlangoni, ageuke, arudi aketi. Nikamrudisha mara tatu. Nikampandisha na kumshusha ngazi za ghorofani. Goti la kulia lilikuwa linalalamika, lakini lilikuwa linafanya kazi, na kwa umri wake wa miaka sitini na saba alikuwa anatembea vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Nilimwambia hivyo. Ninataka hilo likumbukwe, kwamba nilimpima kwa mikono yangu na nikamwambia kwa kinywa changu kwamba yuko sawa.

Akafurahi kama mtoto. Akanionyesha kadi alizoandika kwa mkono wake wa kialimu, herufi zimesimama wima. Wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa ni watu wazima wenye watoto, walikuwa na kundi lao la simu, na walikuwa wakimtumia salamu kila sikukuu. Alikuwa amewaahidi somo moja la mwisho. Angesimama ndani ya ule ukumbi mkubwa wa wazi wa Efeso, wenye viti vya mawe, na mimi nimrekodi akiwafundisha jinsi mji wa bandari unavyokufa mchanga wa mto unapoijaza bandari. Alikuwa amelifanyia mazoezi akitazama saa ya jiko la umeme. Dakika sita.

"Si nyingi?" aliniuliza.

"Dakika sita ni sawa kabisa, Mama."

Tulipanda meli siku ya jua kali. Ndani kulikuwa na ukumbi wa marumaru, ngazi za vioo na mtu aliyevaa glavu nyeupe akipiga kinanda saa nane mchana. Mama mdogo alisimama katikati akatazama juu, akasema kwa sauti, "Haya, leo tumefika!" Watu wawili wakageuka. Nilimshika kiwiko nikamwongoza kwenye lifti.

Mhudumu wa chumba chetu alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Likoni. Alipotusikia tunazungumza, aliweka chini taulo alizobeba.

"Jamani, kumbe ni watu wa nyumbani!"

"Sisi wa Taita," Mama mdogo akajibu.

"Basi majirani! Karibuni sana, mama. Mkitaka chochote, niiteni mimi."

Tangu siku hiyo Mama mdogo akawa anatandika kitanda chake kabla mhudumu hajafika. Alikunja taulo, akapangusa sinki la bafu, akapanga vikombe. Asubuhi ya pili nilitoka kuoga nikawakuta wameshika shuka pande mbili wanaikunja pamoja, wanazungumzia watoto wa yule mama ambao alikuwa hajawaona kwa miezi saba. Mhudumu alipotoka nilifunga mlango.

"Mama, acha hiyo. Hapa wewe ni mgeni."

"Mwanangu, nimetandika vitanda vya watu miaka ishirini na miwili. Changu ndicho kinishinde?"

"Watu wanatuona."

"Watu gani?"

Mlango ulikuwa umefungwa, na chumbani tulikuwa sisi wawili tu.

Malta ilikuwa siku njema, nami ninaishikilia. Kutoka bandarini tulipanda kwa lifti mpaka juu ya ngome, tukaketi kivulini tukila vitu kama sambusa nene zenye jibini ya moto ndani. Chini yetu maji yalikuwa ya buluu iliyokolea na kuta za mawe rangi ya asali. Mama mdogo akaanza kunieleza kwa nini kila mwenye jeshi alikitaka kile kisiwa. Alichora kwa kidole juu ya meza kwa maji yaliyomwagika kutoka kwenye glasi. Mzee mmoja Mjerumani na mkewe, waliokuwa meza ya pili, wakaomba kusogeza viti wamsikilize. Akahamia Kiingereza bila kubabaika, akawafundisha karibu nusu saa. Wakati wa kuondoka yule mzee alimpa mkono kwa heshima akamwita profesa. Tuliporudi melini alicheka njia nzima akijiita profesa.

Kisha tukafika Athene.

Kikundi chetu kilikuwa na watu kama thelathini na kiongozi msichana aliyebeba kibao chenye namba. Kupanda kilimani kwenye yale magofu ni ngazi, na mawe yake yamekuwa laini kwa kukanyagwa, yanateleza. Mama mdogo alipanda bila kusaidiwa, ila alipanda kwa mwendo wake, na kila baada ya hatua chache alisimama. Mwanzoni nilidhani ni goti. Nilipomfikia nikakuta anatazama chini, akitafuta mahali lilipokuwa soko la zamani.

"Pale," akaniambia akinyoosha mkono. "Pale ndipo walipokuwa wanakutana. Nilikuwa nawaambia watoto upande wa kushoto. Kumbe ni kulia. Miaka kumi na sita nimewadanganya!"

Alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nasikia kikundi kinasubiri. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya majani alimwambia mkewe, bila kupunguza sauti, kwamba lazima kuna matembezi maalum ya watu wa namna hiyo. Kiongozi akatazama saa. Nikaona nyuso zote zimetugeukia, na katika kundi lile Waafrika tulikuwa sisi wawili peke yetu. Joto likanipanda shingoni.

Nilichofanya ni kutangulia. Niliongeza hatua nikajiunga na watu wa mbele, nikamwacha apande peke yake. Huko mbele mama mmoja mwenye miwani mikubwa aliniuliza kwa upole, "Yule pale ni mama yako?"

Nikajibu, "Tumekuja pamoja."

Ndivyo nilivyosema. Mtu aliyenisubiri uwanja wa ndege na koti mkononi, nikasema tumekuja pamoja. Nilipogeuka alikuwa ameshafika, amesimama hatua tatu nyuma yangu akijipepea kwa karatasi ya ramani. Sikujua kama amesikia.

Kwenye basi hakuna aliyetuambia neno. Walikuwa wamesubiri dakika kumi, pengine kumi na mbili. Lakini mimi niliketi nikitazama dirishani kana kwamba tumeiba kitu.

Jioni hiyo, yeye akiwa anaoga kabla ya chakula, nilishuka kwenye dawati la matembezi. Nikasema kwamba mama ninayesafiri naye ana tatizo la goti, kwamba mimi ni mtaalamu wa viungo, na kwamba kwa maoni yangu ya kitaalamu hafai kutembea Efeso kesho. Kijana wa dawati hakuuliza swali. Akafuta nafasi yake, akaniuliza kama nafasi yangu nayo ifutwe. Nikafikiri kidogo. Nikasema hapana, nitakwenda mimi, nimletee picha.

Sikumwambia usiku ule. Nilijipa sababu kwamba nisimharibie chakula.

Asubuhi nilipoamka alikuwa amekwisha vaa. Gauni la kitenge la rangi ya machungwa, raba nyeupe alizonunua kwa ajili ya siku hiyo, kofia ya kitambaa, na kadi zake za somo ndani ya mfuko wa nailoni zisiharibiwe na jasho. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda alichokitandika, mikono juu ya magoti.

"Mama," nikasema, "leo utapumzika."

"Nipumzike kwa nini?"

"Jana umechoka. Efeso ni mbali na mawe ni yale yale. Nimekwisha zungumza nao, jina lako limetolewa. Mimi nitakwenda, nitakuletea picha za kila kitu."

"Umezungumza na nani?"

"Na watu wa matembezi."

"Na mimi je?"

"Mama, ni kwa faida yako. Ukianguka kule..."

"Mimi ulizungumza na mimi lini?"

Nilikuwa nimesimama na mswaki mkononi. Nilianza kumweleza habari za gegedu, ule mfupa laini wa gotini, na uvimbe, kwa sauti ile tunayowatolea wagonjwa wasiotaka kusikia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakubisha. Mtu aliyezoea kukaa na mabosi wagumu hujua maneno yanapoisha kazi. Aliinama akafungua kamba za raba zake, moja baada ya nyingine, akazitia chini ya kitanda.

"Haya. Wahi, basi lisikuache."

Nikaenda.

Basi lilitushusha juu, kwenye lango la mlimani, na toka hapo njia yote ni ya kuteremka. Barabara ya marumaru, nguzo pande zote mbili, paka wamelala juu ya mawe yenye maandishi. Nilitembea na macho ya kazi yangu, nikipima kila hatua, nikitafuta mahali ambapo angeshindwa. Sikupaona. Kulikuwa na wazee waliomzidi umri, wenye fimbo, wenye mapumziko kila nguzo ya tatu, na kiongozi wetu wa siku hiyo, baba mnene mwenye subira, aliwangoja wote. Tulipita mbele ya maktaba yenye uso wa ghorofa mbili. Tukafika ukumbini.

Niliketi kwenye kiti cha jiwe katikati ya ule ukumbi. Mtalii mmoja chini alipiga makofi mara moja na sauti ikapanda ikatufikia juu. Nikakumbuka dakika sita. Nikachukua simu nikapiga picha, nyingi sana, za kila upande, kama mtu anayelipa faini.

Niliporudi Mama mdogo hakuwa chumbani. Nilimkuta sitaha ya nyuma, kwenye kiti cha kivuli, miguu imetandazwa. Raba nyeupe alikuwa amezivaa, na moja ameikanyaga kisigino kwa sababu ngozi ilikuwa imechubuka. Juu ya mapaja kulikuwa na mfuko wa karatasi wenye tini mbivu.

"Ulitoka?" nikamuuliza.

"Nilitembea kidogo. Tini hizi ni za yule mama wa Likoni, anazipenda."

Nilimpa simu. Alizipitia picha zote, moja moja, kwa adabu, akisema "Haya," na "Pazuri," na mara moja, kwenye picha ya maktaba, "Nilidhani ni kubwa zaidi." Alipomaliza alinirudishia.

"Asante, mwanangu. Ila hizi hata Buffalo ningeziona."

Hakulisema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha jibu daftarini. Siku tatu zilizobaki hakutandika kitanda tena, wala hakusimama kutazama chochote kwa muda mrefu. Istanbul alitembea sambamba nami, kwa mwendo wangu, na ilikuwa wazi kwamba uchungu wa goti ulikuwa unampata kwa kunifuata. Nilimwambia apunguze mwendo. Akasema, "Hapana, twende tu."

Nyumbani hakunisema kwa mtu. Wanafunzi wake walipouliza somo liko wapi, aliwaandikia ujumbe mfupi, nami niliuona kwa sababu aliniomba nimkuzie maandishi ya simu: "Sikufika Efeso. Goti lilinikataza." Nilisoma maneno yale nimesimama jikoni kwake, nikarekebisha ukubwa wa herufi, nikamrudishia simu. Nafasi ilikuwa pale ya kusema kwamba haikuwa goti. Nikauliza kama kuna maziwa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye kiharusi kilimpata, asubuhi, akiwa anapalilia maua mbele ya nyumba. Upande wa kulia ndio ulioshikwa. Niliendesha gari kutoka Westerville mpaka Buffalo nikakaa naye wiki tatu. Hospitali ilikuwa na wataalamu wake, lakini jioni walipoondoka nilimfanyisha mazoezi mwenyewe. Nilimwambia, "Hatua moja tu, Mama. Chukua muda wako." Aligeuza uso akanitazama, na upande wa mdomo uliokuwa bado unafanya kazi ulisogea. Sijui lilikuwa tabasamu au kitu kingine. Alijifunza kusimama. Kutembea hakujifunza.

Nyumba yangu ya Westerville ina ngazi kutoka mlangoni. Ya mdogo wangu kule Louisville haina hata moja. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemchukua. Ramani ya jikoni ilichanika wakati wa kuibandua, ikatupwa pamoja na makaratasi mengine. Mimi huenda kumwona Jumapili mbili kwa mwezi, mwendo wa saa tatu na nusu.

Jumapili moja ya mwaka uliopita, baada ya chakula, tulikuwa jikoni mimi na mdogo wangu. Yeye anaosha vyombo, mimi napangusa. Mama mdogo alikuwa amelala chumbani mwake. Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Labda nilikuwa nimelibeba muda mrefu nikitaka mtu anipunguzie.

"Wakati mwingine nashukuru sikumruhusu kutembea kule Efeso," nikasema. "Huenda kiharusi kingempata kulekule."

Alifunga bomba. Akairudisha mikono ndani ya povu.

"Dada, kuna jambo aliniambia nisikwambie."

"Jambo gani?"

"Siku ile alinipigia. Huku ilikuwa alfajiri, ndiyo kwanza nimetoka kazini. Alikuwa amesimama kwenye kituo cha teksi."

Sikuelewa. "Teksi za wapi?"

"Za pale bandarini. Wewe ulipoondoka na basi, alivaa viatu akatoka. Alitembea mpaka mjini, akaulizia, akapata dereva. Dereva alikubali kumpeleka Efeso, amsubiri, amrudishe zikiwa zimebaki saa mbili meli kung'oa nanga. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Alinipigia kuniuliza afanye nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia panda, Mama."

Alijipangusa mikono kwa suruali ingawa nilikuwa nimeshika kitambaa.

"Nilimsikia dereva anamwambia, 'Madam, twende?' Halafu Mama akaniambia hapana. Akasema, 'Dada yako akinikuta kule mbele ya wale watu ataaibika. Jana ameaibika kutwa nzima, sitaki kumwongezea.' Akaniambia nisikwambie, kwa sababu ungeumia. Akaenda kununua matunda."

Nilitaka kukanusha. Nilifungua mdomo niseme kwamba lilikuwa ni goti tu, kwamba nilikuwa naogopa aanguke. Mdogo wangu hakuwa ananitazama kwa hasira. Alikuwa ananitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo.

"Miaka yote hii," nikasema.

"Aliniapisha, dada. Na wewe kila ukija hapa ulikuwa unamkanda miguu. Ningeanzia wapi?"

Nilikwenda chumbani. Alikuwa ameamka, macho kwenye dirisha linalotazama ua wa jirani. Tangu kiharusi maneno yake hutoka polepole, na huyachagua. Nilivuta kiti nikaketi upande wa kushoto, upande unaohisi, nikaushika mkono wake.

"Mama, nimeambiwa habari za teksi."

Akafumba macho, akafumbua. "Yule... hana siri."

"Mama, goti lako lilikuwa zima. Nilikupima mwenyewe, nilijua. Niliona aibu. Athene niliona aibu, nikakukimbia kwenye ngazi, na yule mama aliponiuliza..."

"Nilisikia," akasema.

Nikalia. Sikulia kwa ustaarabu. Yeye aliuacha mkono wake mikononi mwangu, hakunibembeleza wala hakuniondoa. Nilipotulia, alikuwa bado anatazama dirishani.

"Kule," akasema. Akapumzika. "Toka langoni... mpaka ukumbini. Ni mbali?"

Ningeweza kumdanganya. Ningemwambia ni mbali, mawe ni mabaya, wenye nguvu zao walishindwa, na pengine hilo lingekuwa jambo la huruma. Lakini nilikuwa nimemwamulia mambo ya kutosha.

"Si mbali, Mama. Ni mteremko mtupu. Ungefika."

Alitikisa kichwa taratibu kukubali.

"Nilijua," akasema.

Nje jirani alikuwa anakata majani na mashine yake ikawa inazimika, anaivuta kamba tena. Baada ya muda Mama aliniomba nimsogezee mto, mgongo ulikuwa unamuuma. Nikamuuliza ausogeze kulia au kushoto. Akafikiri, akaniambia kushoto, nami nikausogeza kushoto.